Sharti la Babu Likwata

Nilimpenda Rafaeli miaka miwili mizima, na mchana ule wa Jumamosi, mbele ya kaburi la babu yangu, nilitamani nimzabe kofi mpaka kofia aliyovikwa iruke.

Kofia yenyewe haikuwa yake. Ami yangu Pazi aliivua kichwani mwake akamvisha, ikamshuka hadi masikioni. Watu wakapiga takbira. Dufu zikalia. Ami akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, maana yeye ni mfupi na anapenda kuonekana, akapaza sauti.

"Kuanzia leo huyu si Rafaeli tena. Huyu ni Dadi. Mpokeeni ndugu yenu."

Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya khanga zilizotundikwa kama pazia, kwenye duara la zikri. Niliposikia ile sauti ninayoijua ikitamka shahada neno kwa neno kama mtoto wa chuo cha Kurani, moyo wangu ulifurahi kwanza. Sidanganyi. Ulifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikageuza shingo kutazama jikoni, na furaha ikaishia hapo.

Lazima nieleze habari za jiko lile, la sivyo mtu atanihukumu bure.

Babu Likwata aliugua ndui akiwa kijana, na ndugu zake wakamtenga porini peke yake. Waliomuuguza ni watu watatu, kwa zamu: mganga wa mizimu, katekista aliyekuwa akipita kwenda Nyangao, na mwalimu wa chuo kutoka Kilwa Kivinje. Alipopona hakujua amshukuru nani, akaamua kuwashukuru wote. Baadaye akawa sheikh wa tarika, akafundisha watu zikri na elimu ya siri, ile ya ndani ya moyo, lakini kabla ya kufa aliacha sharti moja. Siku tatu za ziara ya kaburi lake, kila mwaka, mtu asiitwe kwenye dini ya mwenzake. Mganga aje na unga wake mweupe, Mkristo aje na rozari yake, na asiulizwe mtu anaswali wapi. Waislamu wachinje. Wanawake wetu wakiingia kwenye zikri, jiko lishikwe na wanawake wa Kikristo, ili kila mtu ale alichopikiwa na mwingine. Miaka hamsini na kitu sharti lile halikuvunjwa. Wakatoliki wa bara walipohamishiwa kijijini kwetu, tukapangwa nao kwenye nyumba za mistari, ziara ikanoga zaidi, kwa sababu wapishi waliongezeka.

Na mwaka ule jungu kubwa alilishika mama Veronika, mama yake Rafaeli.

Nilimwona akisikiliza. Mwiko ulikuwa bado ndani ya wali. Ami aliposema "si Rafaeli tena," aliutoa, akaulaza juu ya kifuniko, akajifuta mikono kwa khanga yake, akaondoka. Hakulia wala hakugeuka. Wenzake wakatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakaacha moto wao wakamfuata. Majungu manne yakabaki bila mtu, na wanaume upande wa pili wakaendelea na takbira zao mpaka harufu ya wali unaoungua ilipowafikia. Ndipo baba yangu, Sheikh Abdulrahmani, mwenye ziara, aliponyanyua mkono dufu zinyamaze. Alikuwa amechelewa.

Nilivuka matope ya masika bila viatu, nikamkuta mama Veronika mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, wallahi sikujua."

"Sijakuuliza wewe," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ningependa angepiga kelele. "Baba yako alikuja hapa mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda hicho. Akaniambia, mama Veronika, njoo utupikie, siku hizi tatu hakuna dini ya mtu inayoguswa. Nikamwamini. Nimewapikia tangu juzi, mgongo unaniuma, na sikuona taabu."

"Najua, mama."

"Hujui. Nilizaa watoto watatu, Sada. Wawili nimewazika. Huyu ndiye aliyebaki, na nimejua amehama kwa kusikia dufu. Mtoto akitaka kuhama nyumba humuaga mama yake. Mimi ningelia, ningemtukana, labda ningemfukuza. Lakini yangekuwa yangu na yake, humu ndani, siyo mbele ya kijiji kizima nikiwa na mwiko mkononi."

Nikayatazama matope miguuni mwangu. Na mimi si mtu wa kutazama chini.

"Na huyo Dadi," aliongeza akisukuma mlango, "simjui. Sikumzaa."

Mlango ukafungwa. Nikasikia komeo.

Nilimtafuta Rafaeli kwa hasira za watu wawili, zangu na za mama yake. Nilimkuta nyuma ya ghala la korosho, amejitenga na waliokuwa wakimpa mikono, kofia ameishika. Akaniona, akatabasamu. Lile tabasamu lake la upande mmoja, ambalo lilinivuruga tangu usiku wa kwanza wa kisomo cha watu wazima, yeye akifundisha wazee wa kiume na mimi kinamama, taa moja ya chemli kati yetu. Siku nyingine ningeyeyuka. Siku ile lilinitia kichaa.

"Sada, yamekwisha," alisema. "Hakuna tena wa kutuzuia."

"Tulikubaliana nini?"

"Sada..."

"Nimekuuliza. Tulikubaliana nini, mimi na wewe, kwenye ngazi za shule?"

Akatazama chini. "Mama kwanza, sheikh baadaye."

"Lini?"

"Baada ya ziara."

"Kumbe unakumbuka. Nilidhani umesahau, nikupe udhuru wa ugonjwa. Ulisema utakaa na mama yako, umweleze mwenyewe kwa kinywa chako, hata kama itachukua mwezi. Mimi nikasema nitangoja, hata miezi sita. Nani alikuharakisha?"

"Ningengoja mpaka wakuchukue?"

"Nani anichukue?"

"Mfaume," alisema, na jina lile likamtoka kama mwiba wa samaki. "Mfaume wa chumvi. Analeta posa leo jioni, watu wakiwa wamekusanyika, ili baba yako aone haya kukataa. Ningefanya nini? Nikae jikoni na mama huku wewe unaposwa?"

Nikamtazama. Mwanaume mzima, mwalimu wa kisomo, anayewafundisha wenzake kusoma barua kabla ya kuweka dole gumba.

"Mfaume ameoa huko Sudi mwezi uliopita," nilimwambia. "Nyama ya harusi yake tumeletewa, tumekula. Nani kakwambia habari hizo?"

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati ya ghala.

"Ami yako," alisema mwishoni. "Juzi. Alinifuata nyumbani mama akiwa kisimani. Akasema, ukisilimu siku ya ziara, mbele ya watu, kaka yangu hana njia ya kukunyima binti."

"Na wewe ukaamini."

"Nilikuwa na hofu, Sada. Nakupenda."

"Usinitajie mapenzi sasa hivi. Nijibu hili tu. Uliposimama pale ukasema ashhadu, ulikuwa unamwambia Mungu, au ulikuwa unamwambia Mfaume?"

Uso wake ukabadilika. Mpaka leo naujua ule uso. Ni wa mtu aliyechomwa mahali ambapo hata yeye hakujua pana kidonda.

"Mwanzoni nilimwambia Mfaume," alisema polepole. "Katikati sijui. Miaka miwili naisikia zikri yenu, Sada, na kuna kitu inanifanya. Hicho si uongo. Sijui nilimwambia nani."

Jibu lile lilikuwa la kweli, na kwa sababu ya ukweli wake nilizidi kukasirika. Kama alikuwa na kitu cha kweli moyoni, kwa nini akakiuza kwa umbea wa ami Pazi?

"Basi umetukosea watatu," nilisema. "Mama yako, na mimi, na hicho kitu chenyewe."

"Nimekosea njia. Lakini nimefika, si ndiyo? Tumefika."

"Wewe umefika. Mama yako yuko wapi?"

Akanyoosha mkono kunishika. Nikaurudisha nyuma wangu. Haikuwa rahisi, kila kidole changu kilikuwa na akili yake. Nikamwacha pale na mvua.

Barazani kwetu nilimkuta baba amekaa peke yake na tasbihi, na ami Pazi anazunguka mbele yake akisugua mikono. Wali wa pili ulikuwa umeshaanza kupikwa, safari hii na wanawake wetu, wakigombana nani aliweka chumvi.

"Amekuja mwenyewe bibi harusi," alisema ami. "Kaka, mwambie."

"Bibi harusi nani?" niliuliza.

Baba alinitazama. Macho yake yalikuwa na huruma, na huruma ile ilinikera kuliko ubishi wa ami.

"Mwanangu," alisema, "mimi si kipofu. Kisomo gani kinachomfanya mtu apake wanja? Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu hapakuwa na njia. Sasa njia ipo. Ami yako anasema watu wamekusanyika, mashahidi wapo, tuifunge ndoa baada ya alasiri. Mahari ni msahafu. Nimeridhia."

Nilikuwa nimeomba dua maneno yale baba ayaseme. Niliyaomba kwa majina ya mawalii wote wa tarika, wa bara na wa pwani. Na sasa yalikuwa yamesemwa, nami nimesimama na matope hadi magotini, nataka kupiga mtu.

"Baba, babu alisemaje kuhusu ziara?"

"Usinifundishe habari za babu yako."

"Sikufundishi, nauliza. Mtu asiitwe. Ami kamwita. Kamfuata nyumbani kwake, kamdanganya kwamba Mfaume ananiposa. Mwulize, yuko hapo."

Baba akageuka. Ami hakuona haya hata kidogo. Yule mtu ameumbwa bila kiungo hicho.

"Ndiyo," alisema. "Nimemsogeza kidogo. Kwani nimemwibia nini? Nimeokoa roho, nimekuletea na mume uliyekuwa unamlilia usiku kwenye mto. Watoto wa siku hizi hamna shukrani. Unataka nini zaidi?"

"Nilitaka mama yake asiaibishwe akiwa anawapikia."

"Atazoea."

"Pazi," alisema baba.

"Kaka, atazoea. Nani hajazoea? Tumezoea hata kupangwa kwenye mistari kama mihogo."

Baba alizungusha tasbihi mkononi bila kuihesabu. Nilimwona akizeeka pale pale, na nusu ya moyo wangu ikamwonea huruma, lakini hasira yangu ilikuwa na nafasi kubwa zaidi.

"Shahada haicheleweshwi, Sada," alisema. "Mtu akisimama akaitamka, siwezi kumwambia rudi Jumatatu. Ningekuwa mkosaji mbele ya Mungu. Na nikiipokea, nimevunja neno la baba yangu. Ulitaka nifanye nini?"

"Uipokee. Kisha uvae viatu, umshike mkono, umpeleke mwenyewe kwa mama yake, umwombe radhi kabla hajavua khanga ya jikoni. Takbira za ndugu zako zingengoja. Lakini wewe uliacha dufu zipigwe, baba. Zilipigwa mpaka wali ukaungua."

Somo yangu, bibi Adija, aliyenicheza unyago na kunifunza yote niyajuayo isipokuwa kunyamaza, alitoka ndani akanishika mkono kwa nguvu za wazee.

"Ingia ndani uoge," alisema. "Binti habishani na baba yake siku ya ndoa yake."

Niliogeshwa, nikavikwa leso mpya, nikapakwa udi na asumini kwa pupa kama maiti inayowahi mazishi. Bibi Adija alikuwa akininong'oneza muda wote.

"Sikiliza, mwanangu. Umempenda, unapewa. Wangapi wamepata? Mimi niliolewa na mtu niliyemwona siku ya saba ya ndoa. Mashahidi watakuja dirishani. Watakuuliza mara tatu kama umeridhia baba yako akuozeshe. Mwari hajibu. Ukinyamaza umekubali. Huna kazi yoyote ya kufanya. Inamisha kichwa tu, ulie kidogo, mambo yatajiendea."

"Na mama Veronika?"

"Yatapoa. Akiona mjukuu yatapoa."

Huenda alisema kweli. Nilikaa kitandani, dirisha mbele yangu, kibao chake wazi kidogo. Nje nilimwona Rafaeli ameketi kwenye jamvi barazani, kanzu ya kuazima imembana mabegani, ameinamisha uso. Alikuwa mzuri. Naandika haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo iliyonitesa: hata nikiwa na hasira ile, macho yangu yalimpapasa shingo na mikono, na mwili wangu uliniambia nyamaza, Sada, nyamaza tu, kesho utaamka naye. Kugomba mtagomba baadaye, mna maisha mazima ya kugombana.

Mashahidi wawili wakaja dirishani, na ami Pazi katikati yao, kwa sababu hawezi kukosa mahali.

"Sada binti Abdulrahmani," alisema shahidi wa kwanza, "umempa baba yako idhini akuozeshe Dadi, kwa mahari ya msahafu?"

Nikanyamaza. Bibi Adija akanipapasa mgongo.

"Sada binti Abdulrahmani, umempa baba yako idhini akuozeshe Dadi, kwa mahari ya msahafu?"

Nikanyamaza. Nikasikia mtu barazani akipumua kwa raha, na mwingine akiulizia birika la kahawa. Ilibaki kidogo tu. Ningeliyapata yote niliyoyataka duniani kwa kukaa kimya, na kila mtu pale alikuwa na hakika nitakaa kimya. Ami alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia baba aendelee. Nikamwona anatabasamu.

"Sada binti Abdulrahmani, kwa mara ya tatu..."

"Sijampa," nilisema.

Bibi Adija akaniziba mdomo. Nikaushusha mkono wake, si kwa ubaya.

"Amesemaje?" aliuliza shahidi wa pili.

"Hajasema kitu," alisema ami. "Mwari analia."

"Silii, ami. Nimesema sijampa baba idhini. Bwana harusi hajaniposa. Mtu huposa kwa wazee wake, na huyu mzee wake yuko nyumba ya tatu, mlango umefungwa. Posa yangu itakuja na mama Veronika, au haitakuja. Akikataa yeye kuja, nami nimekataa."

Baba akanyanyuka, akaja dirishani. Akawasogeza mashahidi, akaweka uso wake karibu na kibao.

"Umenivunjia heshima, Sada. Mbele ya wageni wangu."

"Wageni gani, baba? Wameondoka tangu adhuhuri."

Nilidhani atanipiga kupitia dirishani. Alisimama tu, ameshika fremu, na midomo yake ikatikisika kidogo kama mtu anayesoma uradi. Kisha akageuka kuwatazama watu wake. Walikuwa wote wa msikiti mmoja, kofia kwa kofia. Sidhani alikuwa ameliona jambo hilo mpaka dakika ile.

"Pazi," alisema, "shuka barazani kwangu."

"Kaka?"

"Shuka."

Rafaeli alikuwa amesimama. Nilijua amesikia kila neno, nilihakikisha anasikia. Alitazama dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutabasamu, hakunyoosha mkono, hakusema ananipenda. Alikuwa na aibu, na aibu ilimkaa vizuri kuliko ile kanzu.

"Sheikh," alimwambia baba, "naomba ruhusa niende nyumbani."

"Nenda," alisema baba. "Nikishaswali nitakufuata. Nina la kwangu la kumwambia."

Akashuka kwenye matope. Dirisha langu linatazama mstari wa pili, na nyumba ya mama Veronika ni ya tatu kutoka kisimani, kwa hiyo nilimwona vizuri. Alipiga hodi, akangoja. Akapiga tena. Nilisikia akiita, "Mama, ni mimi," na sikusikia jibu. Mvua ikaongezeka. Angeweza kusogea kwa jirani, hakusogea. Akaketi kwenye kizingiti, mgongo mlangoni, kanzu ya watu ikilowa, akaanza kuongea na ubao ule kama mtu anayeongea na uso. Maneno sikuyapata, na hayakuwa yangu.

Bibi Adija alikuja kusimama nyuma yangu.

"Masikini mtoto wa watu," alisema. "Atapata homa pale. Huna huruma, wewe?"

Nikamtazama Rafaeli amelowa chepechepe, analia sasa, mabega yanamtikisika. Nilikuwa nampenda kuliko siku zote, na nilimwomba Mungu mama Veronika asifungue upesi.